Falealupo, Savai'i: kulipia ufukwe ni halali au napigwa?

Mgeni_Njiani:
Wakuu, niko Auckland kikazi na likizo yangu nataka niimalizie Samoa, kijiji cha Falealupo, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Savai'i. Jamaa ananitisha: ufukwe hela, msitu hela. Ni desturi kweli au wageni tunapigwa?

BintiWete:
Hupigwi, mdogo wangu. Mimi ni mkwe wao, mume wangu mtu wa Savai'i. Kule ardhi nyingi, kama asilimia 80, ni ya koo na haiuzwi. Kwa hiyo ufukwe una wenyewe. Lipa taslimu, beba tala (hela ya Samoa) za noti ndogo.

Msitu ndio usiulalamikie kabisa. Miaka ya themanini mwishoni kijiji kilibanwa kijenge shule, hela hakuna, wakataji miti wakawa wameshapewa ruhusa. Paul Cox, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa akiishi nao, akachangisha fedha za shule; mwaka 1989 wazee wakasaini mkataba wa kuulinda msitu. Mwaka 1997 yeye na chifu Fuiono Senio wakapewa Tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira. Na katikati hapo wanakijiji wamepigwa na vimbunga viwili, Ofa 1990 na Val 1991! Kanisa Katoliki la pwani likawa gofu, watu wengi wakahamia juu, mbali na bahari. Sasa watu kama hao unawabishia hela ya kiingilio?

Kaka_Kigamboni:
Dada, malazi je? Na msosi?

BintiWete:
Fale za ufukweni: paa, nguzo, sakafu, basi. Ukuta hakuna, usiku unashusha mikeka ya makuti. Msosi usihofu, ni majimbi, mashelisheli yaliyookwa kwa mawe ya moto, na palusami, yaani majani ya majimbi kwa tui zito. Mpemba halali njaa kule.

Jioni kuna *sa*, wakati wa sala za nyumbani. Usikatize kijijini mpaka ziishe. Jumapili uliza kwanza kabla ya kuogelea, na ukipita kijijini vaa lavalava (kikoi chako kinatosha).

Mgeni_Njiani:
Shukrani dada. Nafikaje sasa?

BintiWete:
Feri ya Mulifanua (bandari ya kisiwa cha Upolu) hadi Salelologa (bandari ya Savai'i), saa moja na ushee. Ukikodi gari, nafasi yake ndani ya feri iwekeshe mapema. Na usisafiri Jumapili, mabasi utayatafuta kwa tochi.