"Sura ya nani?" Yule bwana wa dirishani amenivunjia heshima mbele ya benchi zima

Waungwana, ninaandika hasira zikiwa bado zinanichemka, na yule bwana wa dirishani sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila aliyewahi kuandikisha mtoto hapa Ujiji anamjua kwa miwani yake iliyoning'inia puani na kalamu anayoitafuna kama muwa. Binti yetu anaitwa Thuraya. Jina hilo tulilichagua makusudi, maana mtaani kwetu ukiita Mwajuma au Zaituni, wanaitika wasichana wa nyumba nne na mbuzi mmoja anageuka, nasi tulitaka mtoto atakayeitika peke yake. Yule bwana aliitazama karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akapaza sauti mbele ya kina mama wote waliokuwa wakisubiri: "Sura ya nani?"

Narudia: mtu aliyeajiriwa kuandika majina ya watu ameuliza "Sura ya nani?" Benchi zima lilicheka, watoto waliokuwa wakilia walinyamaza ili nao wacheke, na nina hakika kicheko kile kilivuka ziwa kikasikika Kongo. Nilimweleza kwa adabu kwamba ni Thuraya, jina la Kiarabu la zile nyota tunazoziita kilimia, na kwamba th yake ni ile ile ya thelathini na themanini. Akanijibu, "Selasini na semanini, nimekuelewa," akaandika Suraya kwa wino usiofutika, akagonga muhuri. Hata huo muhuri ningeusamehe, lakini swali lile, waungwana! Shemeji yangu, ambaye hakuwepo, ameshanipigia simu kuuliza sura ni ya nani.

Mvuvi wa Kibirizi: Pole sana, ndugu yangu. Thuraya ni simu ya setilaiti pia, kwa hiyo mshukuru Mungu kwamba hakukuuliza salio.

Bibi wa Mwanga: Mleta mada amedanganyika anapodhani jina hilo ni adimu, kwani Unguja wamo akina Thuraya, bibi na wajukuu. Isitoshe, kwa Kiarabu y hiyo hukazwa, Thurayya, kwa hiyo baba mtu alikwisha kumpunja mtoto herufi kabla yule bwana hajaishika kalamu.

Mleta mada: Bibi, shikamoo, lakini y moja haijawahi kuchekesha benchi zima. Mtu ameniuliza "Sura ya nani?"

Mvuvi wa Kibirizi: Nasi tunasubiri jibu. Ni ya baba au ya mama?

Baba Mapacha, Kasulu: Wote mnadeka. Wangu ni Bukuru na Butoyi, majina ambayo kwetu Buha hayahitaji maelezo, kwa kuwa kila mtu akiyasikia anajua pacha yupi alitangulia na yupi alifuata. Karani mmoja wa Dar es Salaam, mwenye tai shingoni na kompyuta mezani, aliandika Bukuku na Butoi, kisha akaniuliza kwa upole kama tumetoka Mbeya.

Binti wa Tabora: Afadhali wewe uliyeulizwa, baba. Mimi ni Nyamizi, jina lililojaa Unyamwezi kote, lakini mwalimu wangu wa bweni aliniita Nyamisi hadi nikamaliza shule, na kila nilipomsahihisha alisema kwamba ninaleta lafudhi ya nyumbani darasani.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye mada, tafadhali. Mbele ya benchi zima, jamani.

Bibi wa Mwanga: Nyamizi, mwanangu, cheti chako cha shule kimeandikwaje?

Binti wa Tabora: Shikamoo, bibi. Kimeandikwa Nyamisi, na kitambulisho kimeandikwa Nyamizi, kwa hiyo kila ninapoomba kazi ninaonekana watu wawili.

Bibi wa Mwanga: Nenda ukaape kwa wakili, mwanangu, na Baba Mapacha naye afanye hivyo hivyo.

Baba Mapacha, Kasulu: Nilikwisha kuapa, bibi. Karani wa wakili ameandika Bukulu.