Msaada wa Kilatini: hapa nani anamshinda nani?

Mwanafunzi wa Jioni: Wakuu, salaam. Niko seminari kuu, Kilatini ndiyo kwanza nakishika. Kuna mstari umenikaba tangu juzi:

*Aio te, Aeacida, Romanos vincere posse.*

Ni utabiri anaosimuliwa kupewa Pyrrhus, mfalme wa Epirus, kabla ya kupigana na Roma. Maneno nayajua: aio "nasema", te "wewe", vincere "kushinda", posse "kuweza". Nikatafsiri "unaweza kuwashinda Warumi". Mwenzangu kaandika "Warumi wanaweza kukushinda". Mwalimu katupa vema wote wawili, akaondoka zake. Inakuwaje?

Babu Deklinesho: Dogo, baada ya aio hapo kimekuja kitenzi-jina, na kiima chake hakibaki nominativu (umbo la kawaida la kiima), kinaingia akusativu (umbo la shamirisho). Shamirisho nalo ni akusativu. Sasa tazama: te akusativu, Romanos akusativu. Yupi kiima? Sarufi imenyamaza. Aeacida ni mwito tu, "ewe wa uzao wa Aeacus", yaani Pyrrhus mwenyewe, usiuhesabu.

Mtoto wa Pwani: Sisi viambishi vinatuokoa: utawashinda, watakushinda, kwisha habari. Vincere haibebi mtu yeyote. Ila tusijisifu sana. Nenda kijiweni useme "Simba Yanga atamfunga" uone watakavyokuuliza.

Mwanafunzi wa Jioni: 😂 Lakini te imetangulia Romanos. Haisaidii?

Babu Deklinesho: Inavuta kidogo, kwa sababu kiima hupenda kutangulia. Ndiyo maana tafsiri yako ndiyo inayomjia mtu kwanza, na mtego uko hapo hapo. Ila huu ni ushairi, mstari wa Ennius, mshairi wa Roma ya kale, huwezi kumfunga mtu kwa mpangilio peke yake. Angetaka kueleweka angetumia kauli ya kutendwa: *Romanos a te vinci posse*, Warumi wanaweza kushindwa nawe. Hapo hakuna ubishi.

Msomaji Kimya: Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, aliucheka utabiri huu. Alisema Apollo, mungu wa Wagiriki anayesimuliwa kuutoa, hakuwahi kunena Kilatini, na Wagiriki wenyewe hawaujui. Halafu angalieni vita vyenyewe: Pyrrhus alishinda Heraclea mwaka 280 K.K. na Asculum 279 K.K., ila baada ya Beneventum, 275 K.K., akafungasha virago kurudi kwao. Tafsiri zenu zote mbili zilitimia.

Mwanafunzi wa Jioni: Aisee. Ngoja nimgongee mwenzangu mlango, hatujasemeshana tangu juzi.