MJADALA: Tuktuk zalala uani Malindi kwa kukosa madereva wenye beji ya PSV (ya kubeba abiria). Tulegeze sheria au tuishikilie?

Mwenye Tuktuk Mbili
Assalamu alaikum wanamji. Nina tuktuk mbili hapa Barani. Moja iko kazini, ya pili imelala uani tangu kabla ya Ramadhani. Si mbovu, bima iko hai, dereva ndiye hakuna. Wanaokuja kuomba ufunguo ni wengi, wengine wananingoja nje ya msikiti alfajiri. Nikiuliza karatasi, huyu ana leseni ya gari dogo, yule anasema yake iko njiani, wa tatu ananionyesha picha kwenye simu na sura si yake. Mwenye leseni ya A3 ya tuktuk, beji ya PSV na cheti cha maadili mema cha polisi, vyote vitatu mkononi, simpati. Ndiyo maana ukishuka basi la Mombasa baada ya saa nne usiku unasimama steji hadi uchoke. Sasa swali: hawa deiwaka, yaani vibarua wa siku wasio na karatasi kamili, waruhusiwe kufanya kazi huku wakisubiri karatasi, au tushikilie sheria hata kama mji utalala mapema? Mimi nasema tushikilie. Na kina mama nao wasijitoe lawamani, maana dereva mwenye karatasi zake atafanyaje kazi usiku na abiria anayetaka kuteremshwa mlangoni, na viroba vyake, kwa fea ya steji?

Kijana wa Maweni
Mzee, kwa heshima zote. Cheti cha maadili ni 1,050. Leseni ya kadi ya miaka mitatu ni 3,050. Kabla ya hapo kuna shule ya udereva, macho kupimwa, na mtihani. Beji nayo ina pesa yake. Tangu malipo ya serikali yahamishiwe mtandao wa eCitizen mwaka 2023, asiye na simu nzuri anamlipa mtu wa saiba amjazie fomu. Yote hayo natoa mfukoni mwangu, halafu nikuletee hesabu ya 1,000 kila jioni, hata mwezi wa tano mvua ikinyesha, mahoteli yamefungwa, Casuarina huoni mzungu hata mmoja. Mwenye karatasi zote kamili anakimbilia kampuni au hoteli yenye mshahara. Wewe umebaki na sisi.

Mama Mapacha
Mambo ya leseni mtayamaliza nyinyi. Mimi nataka kujua hao "kina mama" ni akina nani. Juzi usiku mtoto wangu mwili ulikuwa moto, nimetoka Kisumu Ndogo kwenda hospitali. Safari ambayo mchana nalipa 100, kijana akasema 500. Sikubishana, nikapanda. Katikati ya njia akasimama kutia petroli ya chupa ya maji, mimi nimempakata mtoto anatetemeka. Beji hakuna, taa ya nyuma haiwaki. Hebu niambie, hapo niliyeharibu kazi ni mimi?

Mwenye Tuktuk Mbili
Dadangu, pole kwa mtoto, Mungu amwafu. Lakini nami nimeona kwa macho yangu. Mtu anatoka soko la zamani na mkaa magunia mawili, ndizi mkungu mzima na watoto watatu, akifika anatoa 50 na kufunga mlango. Hayo yapo, tusiyafiche.

Mama Mapacha
Huyo mtafute ukadaiane naye. Mimi nililipa 500.

Msafiri London
Niko huku Uingereza miaka mingi sasa, ngoja niwape mfano. Dereva wa teksi nyeusi ya London husomea mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross. Mtihani huo ulianza 1865, na wengi huchukua miaka mitatu minne kuumaliza. Hakuna deiwaka. Lakini huku pia madereva wenye leseni hiyo wamepungua vibaya, kutoka kama 25,000 miaka kumi hivi iliyopita hadi chini ya 20,000. Wazee wanastaafu, vijana wanaona kusoma miaka yote hiyo hakulipi ukilinganisha na gari la programu ya simu. Pamoja na hayo mtihani bado upo.

Kijana wa Maweni
London wana mabasi ya usiku kucha, na treni za usiku za wikendi tangu 2016. Teksi ikikosekana mtu hafi njiani. Hapa tuktuk ikikosekana mama anabebwa mgongoni. Kaka, ukiwa huko usitupangie.

Msafiri London
Sijampangia mtu. Mamangu yuko Shella, analala peke yake, na nauli ya hospitali namtumia mimi. Usiniambie hainihusu.

Baharia Mstaafu
Nimekula chumvi baharini, nitasema machache. Kwenye mashua hakuna nahodha wa kujifunzia na abiria ndani. Unaanza kuchota maji, unashika kamba, miaka inapita ndipo ukabidhiwe usukani. Vijana wa sasa leo kashika pikipiki, kesho anabeba familia. Karatasi si adui yako mwanangu.

Mwalimu wa Gede
Mzee Baharia amesema kweli, na wenye vyombo walijue hili pia. Bima ya watu wengine iko chini ya Sura ya 405 ya sheria zetu, na fidia ya mtu mmoja mwisho wake ni shilingi milioni 3. Kampuni ikionyesha kwamba dereva hakuwa na leseni ya daraja la chombo kile, inaweza kukuruka, au ilipe kisha ikugeukie wewe. Tuktuk utauza, na deni litabaki. Kwa hiyo kumpa deiwaka ufunguo "akisubiri karatasi" ni kuweka nyumba yako rehani.

Kijana wa Maweni
Mwalimu, sheria unaijua, njaa huijui. Nikishikwa sina beji, pesa ya chai inatoka kwangu, haitoki kwa mwenye tuktuk. Tuliopo barabarani usiku ndio tunaobeba wagonjwa wenu, kisha mnatuita wahalifu.

Mama Mapacha
Hakuna aliyekuita mhalifu. Ila mnataka tusahau. Machi 2022 mwanamke alidhulumiwa barabarani Nairobi na waendesha boda mchana kweupe, nchi nzima iliona video. Rais wa wakati huo akaamuru msako na wote waandikishwe upya. Siku chache tu msako ukasitishwa. Mimi nikipanda tuktuk usiku na binti yangu, ile beji ndiyo inaniambia huyu mtu anajulikana. Nyinyi mnaiona ni karatasi ya askari. Kwangu ni usalama wangu.

Binti Muyeye
Nimesoma tangu juu nikajizuia, imenishinda. Mzee Mwenye Tuktuk, unasema mwenye A3, beji na cheti humpati. Mimi ninavyo vyote vitatu. Nilijilipia kwa kuuza viazi karai asubuhi pale karibu na steji. Nimeomba ufunguo kwa wenye tuktuk wa mji huu mmoja baada ya mwingine. Hawaangalii hata leseni. Swali la kwanza: "Mumeo anajua?" La pili: "Usiku utaweza?" Jioni ile tuktuk naiona inaendeshwa na mvulana asiye na chochote. Madereva wenye leseni tupo. Mnaotunyima ufunguo ni nyinyi.

Baharia Mstaafu
Binti yangu, si dharau. Usiku barabara ya Lamu kuna walevi, na wengine wakubwa kwa umbo. Babako atalala usingizi?

Binti Muyeye
Ami, walevi hao hao wanapanda tuktuk za wavulana na kuwapiga. Tofauti ni kwamba mvulana anaachiwa achague mwenyewe.

Mama Mapacha
Nipe namba yako inbox. Ningempata dereva mwanamke usiku ule, hiyo 500 ningeitoa kwa moyo mmoja.

Kijana wa Maweni
Kwa hiyo sasa suluhisho ni sisi tutoke? Nimeanza kuona mnakoelekea.

Mwalimu wa Gede
Hakuna aliyesema utoke. Mzee, bado hujamjibu binti. Tuktuk si imelala uani?

Mwenye Tuktuk Mbili
Kwanza hilo la petroli ya chupa, tuktuk zangu hazifanyi hivyo, asijumlishe. Pili, chombo ni mali. Mwanamke akinyang'anywa usiku, familia yake itanigeukia mimi. Watu watasema nimemtuma mtoto wa watu barabarani kwa tamaa ya hesabu. Na huyo binti simjui, hata kwao sikujui.

Binti Muyeye
Wale watatu waliokuja kukuomba ufunguo uliwajua kwao? Masharti yangu ni haya. Naanza alfajiri hadi Isha, na usiku nabeba ninaowajua: wagonjwa, kina mama na wazee. Hesabu 1,000 msimu ukiwa mzuri. Kuanzia Aprili hadi Juni ni 600, kwa sababu pesa hakuna mjini na wewe unalijua hilo. Taa na breki utatengeneza wewe. Chombo kikikamatwa kwa kosa langu nalipa mimi, kikikamatwa kwa bima iliyokwisha unalipa wewe. Yote tuandikiane mbele ya mzee wa mtaa.

Kijana wa Maweni
600?! Mzee, sisi hujawahi kutupunguzia hata 50.

Mwenye Tuktuk Mbili
Sijakubali chochote. Nimesema nasoma tu.

Msafiri London
Binti, kumchukua mama Shella saa tano usiku ni pesa ngapi?

Binti Muyeye
200 hadi hospitali, na namngoja. Ila sina tuktuk.

Baharia Mstaafu
200? Mimi wananitoza 300 mchana kutoka steji hadi daraja la Sabaki. Hii bei nani anaipanga? Hilo ndilo la kujadiliwa.