Vigasha na vifundo vya mkono: kukunja dambeli au kuzibeba?

Kijana wa Mikindani: Wadau, msimu wa korosho unakaribia na vijana wa kupakia magunia wanataka mikono isiyochoka. Dambeli zilizopo ni jozi ya kilo 5 na jozi ya kilo 10. Kipi kitangulie: kukunja kifundo kiganja kikitazama juu, kikitazama chini, au kubeba na kutembea?

Fundi Vyuma, Masasi: Kubeba, bila shaka. Gunia linashikwa pembe, halikunjwi kwa kifundo. Kilo 10 kila mkono, mabega yasidondoke, tembea sekunde 30 hadi 40, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara 4. Zikishazoeleka, zungushia mpini kipande cha taulo kabla ya kuhangaikia kilo zaidi. Mpini ukinenepa, vidole vinabana kwa nguvu zaidi.

Dada Ligula: Naunga mkono, ila kiganja chini msikiache kabisa. Misuli ya upande wa juu wa kigasha ndiyo inayokishikilia kifundo kisikunjike unapokamata kitu kizito; ikizidiwa, kano zake huanza kuuma upande wa nje wa kiwiko. Keti, laza kigasha chote juu ya paja, kiganja kitokeze mbele ya goti. Inua polepole, shusha kwa sekunde 3. Seti 3, kila moja kuinua mara 15. Wengi wanakosea kuanza na kilo zile zile za kiganja juu, na upande huu ni dhaifu zaidi. Kilo 5 ikikushinda, chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha kuanzia. Kigasha kikibanduka pajani, ujue uzito umezidi.

Mvuvi Kilwa: Kiganja juu ni kizuri kwa kunenepesha kigasha, basi. Ongezeni kuzungusha: kiwiko kimebana ubavuni, shika dambeli ya kilo 5 kama nyundo, geuza kiganja juu kisha chini, taratibu. Ikikuyumbisha, sogeza mkono karibu na kichwa cha chuma.

Kijana wa Mikindani: Ahsanteni sana. Kwa wiki mara ngapi?

Dada Ligula: Mara 2 au 3, kaka, na kamwe si siku moja kabla ya kupakia. Mtu akipata ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, aache na aende hospitali. Huenda neva imebanwa kwenye kifundo, na hapo dambeli haimsaidii.