Mfuko mmoja wa karo kwa Waislamu na Wakristo: tuuanzishe, au kila upande ubaki na wake?

Mzazi wa Manyatta, Kisumu

Wanabaraza, nawaletea jambo linalotugawanya huku mtaani. Wazee kadhaa, wengine wa msikitini na wengine wa makanisani, wamependekeza tuwe na mfuko mmoja wa kuwalipia watoto karo ya sekondari. Mpaka sasa kila nyumba ya ibada inasaidia wake, na mtoto ambaye mzazi wake haonekani kokote anangojea basari ya wadi mpaka anafukuzwa shule. Pendekezo limetoka tu, minong'ono imeanza. Huku wanasema Waislamu wanataka kusilimisha watoto kwa karo. Kule wanauliza vipi pesa ya Muislamu impeleke mtoto mahali ambapo kila asubuhi anaimbishwa nyimbo za kanisa.

Msimamo wangu nautoa mapema: naunga mkono, ila masharti, likiwemo la ibada kutolazimishwa shuleni, yaandikwe kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Wema wa moyo tunao siku zote. Idi tunakula pamoja, Krismasi tunakula pamoja, na bado fomu ya kuomba msaada huku kwetu ina mstari wa sahihi ya padri, pasta au imamu. Usipokuwa na wa kukusainia, huna karo.

Mwalimu mstaafu, Mumias

Ndugu yangu, hofu hiyo haikuzuka jana. Shule za huku magharibi na Nyanza zilianzishwa na wamishonari: Wakwekeri Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana Maseno mwaka 1906, na Wakatoliki nao wakaja na zao. Aliyefuata kusoma alijikuta pia kwenye mafunzo ya ubatizo. Hapa Mumias Uislamu ulikuwa umeshaingia na misafara ya biashara kutoka pwani, enzi za Nabongo, mfalme wa Wawanga, kwa hiyo wazazi wengi Waislamu waliona heri mtoto abaki madrasa. Walilinda imani, lakini kazi za ofisini zikaenda kwa wengine, na kidonda hicho wajukuu wao wanakijua.

Ila msisahau upande wa pili. Mumias utakuta Hassan na Petro ni watoto wa baba mmoja. Kukiwa na harusi, anaitwa Muislamu achinje ng'ombe hata kama bwana harusi ni Mkatoliki, ndipo wote wale. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo popote. Shule niliyofundisha tulifanya hivyo hivyo siku ya wazazi: mchinjaji mzee wa msikitini, mpishi mama wa kanisa, sufuria moja. Mwaka mmoja mwalimu mkuu mgeni alileta nyama yake kutoka anakojua yeye. Wazazi nusu walikunywa soda wakaenda zao, na harambee ya siku hiyo ikapwaya.

Ustadh, Kibuye

Assalaam alaykum, na wengine hamjambo. Hapa kuna vitu viwili mnavichanganya. Zaka ina wenyewe: aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja makundi manane, na wanazuoni wengi wanashikilia kwamba fungu la mafakiri na maskini ni la Waislamu. Mkiimwaga zaka kwenye mfuko wa wote, ugomvi utaanzia kwetu msikitini kabla haujafika kanisani. Sadaka haina kizuizi hicho. Surat Al-Mumtahana, aya ya 8, Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa sababu ya dini. Kwa hiyo zaka ibaki ilipo, sadaka ndiyo iingie.

Na hili la kusilimisha: mtoto wa miaka 14 anayetamka shahada ili alipiwe muhula, mimi simtaki. Siku karo ikiisha na imani itaisha.

Pasta, Bondeni, Nakuru

Mimi napinga, na si kwa chuki. Hizo shule za kanisa zimejengwa na matoleo ya akina mama waliouza sukuma. Walitoa kwa sababu walitaka mtoto alelewe katika imani. Leo mnamwambia mfadhili wa shule, yaani kanisa, alete pesa, imani aiache getini. Abaki na nini? Akiwa hana cha kulea, atafunga mkoba, na serikali hatujaiona ikikimbilia kujaza pengo.

Halafu mnasema amani. Nakuru mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, tuliona nyumba zikichomwa. Wengi wa waliofukuzana walikuwa Wakristo kwa Wakristo, waliosoma pamoja, wakashiriki meza moja ya Bwana. Kukaa dawati moja hakukuwazuia. Kwa nini tuamini kutawafaa Mkristo na Muislamu? Mfano mwingine ni Isiolo. Kulikuwa na shule moja ya kutwa iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, na ugomvi wa wasichana Waislamu kuvaa hijabu ukaenda mpaka Mahakama ya Juu. Hayo ndiyo mnayoyaleta Kisumu.

Mzazi wa Manyatta, Kisumu

Pasta, hoja ya 2008 ni nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Kilichopiganiwa wakati ule kilikuwa kura, ardhi na kabila, na dawati halikuwa na nguvu juu ya hivyo. Sidai mfuko wa karo utazuia vita. Nadai jambo dogo zaidi: mtoto asikose shule kwa sababu ya jina lake.

Lakini Isiolo naisoma tofauti na wewe. Mahakama Kuu 2015 iliamua upande wa kanisa. Mahakama ya Rufaa 2016 ikawapa wasichana haki. Mahakama ya Juu 2019 ikabatilisha, na sababu ilikuwa utaratibu: dai lile halikuwa limewasilishwa mahakamani inavyotakiwa. Hapo hapo ikapendekeza bodi ya shule ikae na wahusika na kubadilisha kanuni za sare, ili wenye imani inayodai vazi wapewe nafasi. Miaka minne mahakamani ili kuambiwa kaeni chini mzungumze! Sisi tukae chini kwanza.

Na mfadhili hajaachwa mikono mitupu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa wawakilishi watatu kwenye bodi, ushauri wa mambo ya kiroho, hata kuleta kasisi kwa gharama yake. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka alinde imani za wengine. Wasabato wanalijua hili vizuri kuliko Waislamu. Ni wao waliokwenda Mahakama ya Rufaa mpaka 2017 ikaamuliwa watoto wao wasilazimishwe masomo siku ya Sabato. Hao ni Wakristo, Pasta. Ulinzi huu si wa Waislamu peke yao.

Mama wa watoto wawili, Nyalenda

Nyinyi mnazungumza mahakama, mimi nina binti kidato cha tatu. Shule ni nzuri, hawajamnyima kitu, hata kitambaa anavaa. Ila hakuna mwalimu wa somo la Dini ya Kiislamu. Kwa hiyo anasoma la Kikristo na atalifanyia mtihani, na anazijua safari za Paulo kuliko ninavyozijua sura fupi mimi. Sijachukia. Nauliza tu: huo mfuko utalipa karo peke yake, au utamlipa na ustadh aende mara mbili kwa wiki?

Bila Jina, Kakamega

Ongezeni na hili: picha. Mtoto anaitwa mbele ya waumini, anapewa sare na daftari, kamera zinawaka, halafu picha inazunguka vikundi vyote vya simu. Msikiti unafanya, kanisa linafanya. Niliwahi kusimamishwa hivyo. Nilivaa ile sare, lakini sikurudi tena kwenye jengo lile. Biblia inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na Waislamu wana mafundisho hayo hayo kuhusu sadaka ya siri. Mbona kwa karo kila mtu anasahau?

Mzazi wa Manyatta, Kisumu

Nimechukua. Hivi ndivyo rasimu ilivyo baada yenu. Pesa ni sadaka na matoleo tu, zaka haimo. Karo inaingia akaunti ya shule moja kwa moja, haipiti mkononi mwa mzazi wala kiongozi wa dini. Fomu haiulizi dini, na anayesaini ni mwalimu wa darasa. Hakuna picha. Shule itakayopokea watoto wetu inakubali kwa maandishi kwamba ibada ni hiari na Ijumaa mchana kuna ruhusa ya saa moja. Nyalenda, tumeongeza nauli ya ustadh, na pale ambapo shule ni ya Kiislamu, ya mwalimu wa somo la Kikristo. Hundi inasainiwa na watatu, na wawili wakiwa wa dini moja, wa tatu lazima awe wa nyingine.

Ustadh, Kibuye

Hapo nitahubiri Ijumaa na sanduku nitalipitisha mwenyewe.

Pasta, Bondeni, Nakuru

Nitumieni karatasi hiyo. Kifungu cha picha nakipeleka kwa wazee wangu Jumapili hii. Cha ibada kuwa hiari bado nakataa.