Uzi wa zawadi za Krismasi: akriliki, pamba au sufu?

SindanoNamba4
Wakuu, habari za jioni. Soksi za mzee zimekwisha, zimefichwa kabatini. Sweta la mtoto wa wifi yangu, wako Dar, limebaki mikono tu. Hilo nafuma kwa pamba. Sasa nimekwama kwenye shali ya bibi. Yuko Makete, na baridi ya kule mnaijua. Akriliki ipo ya kila rangi na bei haina ugomvi. Sufu nzuri ipo pia, lakini bei yake inauma. Au niendelee na pamba hiyohiyo? Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Kroshia_Tanga
Akriliki, dada, usijitese. Unafua, unaanika, haichelewi kukauka, na haisinyai. Huko kijijini nani atamfulia bibi sufu taratibu kwa maji ya baridi? Itatiwa kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, isuguliwe kama magwanda ya shamba. Sufu ikisuguliwa hivyo nyuzi zake hushikana, shali inakuwa ndogo na ngumu, na hakuna namna ya kuirudisha.

NyanyaWaLimuru
Kwa kufua umesema kweli. Lakini mbona hakuna aliyeuliza nyanya anapikia nini? Kama ni kuni, mimi singempa akriliki. Ile ni jamii ya plastiki. Cheche ikiirukia inashika, inayeyuka, na ule uji wa moto unagandia kwenye ngozi. Sufu haishiki moto upesi, na ukiiondoa kwenye moto mara nyingi huzima yenyewe. Huku kwetu Julai wazee hawabanduki jikoni, kwa hivyo hili si jambo dogo.

Na usiamini karatasi inayofungwa kwenye uzi dukani. Kata kipande kidogo cha uzi, kishike kwa koleo juu ya sinki, ukichome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Akriliki inabaki kitonge kigumu cheusi. Pamba inanuka karatasi.

BabaMapacha
Mimi bado mwanafunzi, nafuma kofia za watoto tu. Pamba kwa mtoto wa Dar ni sawa kabisa, inanyonya jasho. Ila ukifika kwenye pindo za mikono shuka sindano, kama unatumia milimita 4 nenda 3.5 au 3. Pamba hainyumbuki, pindo zikilegea zimelegea.
Kwa Makete hapana. Desemba ni mvua na ukungu, pamba ikilowa inakuwa nzito na haikauki leo wala kesho. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto.

SindanoNamba4
Nyanya, umenifumbua macho. Bibi anapika kwa kuni na shali haimtoki mabegani. Basi ni sufu, ila nitafuma ya pembe tatu badala ya ile ndefu ya mstatili, uzi utapungua sana. Sindano nitachukua milimita 5, isibane.

NyanyaWaLimuru
Vizuri. Fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukioshe, kikikauka ukipime tena. Na madonge yote nunua siku moja, uangalie namba ya bechi kwenye karatasi, yaani mkupuo uliotiwa rangi pamoja, iwe moja. Rangi ya bechi mbili hufanana dukani, ukitoka juani unaona mstari.

Kroshia_Tanga
Haya, kwa habari ya kuni nimenyoosha mikono. Lakini maelekezo ya kufua mpe anayemfulia bibi kwa mdomo, akurudishie ulivyosema. Usiandike kikaratasi, wataanzia hicho kuwashia moto.