Naomba ushauri: kukanda tumbo ili kupata choo

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 23, na kwa miezi minne sasa nasumbuliwa na choo kigumu. Kuna wiki ninapata choo mara mbili tu, tena kwa kujikamua sana, kikiwa vidonge vikavu kama vya mbuzi.

Kwa kuwa sitaki kuzoea dawa za kuharisha, muuguzi mmoja alinielekeza kukanda tumbo. Hulala chali nikiwa nimekunja magoti, nikapaka mafuta ya nazi kidogo, kisha nikaanza chini upande wa kulia karibu na nyonga, nikapandisha mkono hadi chini ya mbavu, nikavuka juu ya kitovu kwenda kushoto na kushuka, maana ndiyo njia inayofuatwa na utumbo mpana. Hufanya hivyo dakika 10 kila asubuhi, kisha huweka kitambaa cha maji ya moto kilichokamuliwa vizuri. Baada ya wiki mbili tumbo limelegea na gesi inatoka, lakini choo bado ni kigumu.

Je, ni bora kukanda kabla ya kifungua kinywa au muda fulani baadaye, ikizingatiwa kwamba chakula chenyewe huamsha utumbo? Na je, kuna aliyetumia vile vifaa vya umeme mdogo vinavyobandikwa kwenye ngozi? Maji ninakunywa, mapapai na mchicha ninakula. Sijaona damu wala sijapungua uzito. Ningeona dalili hizo ningekwenda hospitali mara moja.